Klokka Mbili Katika Simu Moja

Bodø, 12 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua pepe hii inakukuta mzima, goti limetulia na paka amerudi kula. Mimi sijambo, mafua ya Krismasi yameisha. Juzi jua lilichungulia juu ya mlima kwa dakika chache, ofisi nzima tukasimama dirishani na vikombe mkononi kama tunaopokea mgeni.

Najua hatujaandikiana tangu nilipoondoka kisiwani na mlango nikaubamiza. Niliyoyasema mezani siku ya Krismasi kuhusu namba ya simu ya marehemu Baba niliyasema kwa hasira. Bado inaniuma kwamba uliifunga bila kuniuliza. Lakini ungejuaje kwamba nilikuwa naipiga kila Ijumaa nimsikie akisema, "Asbjørn hapa, acha ujumbe, na uongee polepole"? Sikuwahi kukuambia. Naomba tuliweke hilo kando kwanza, maana nina shida ambayo ni wewe tu unaweza kuitatua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hukatizana hata salamu hazijaisha.

Ni kuhusu Klokka, ile Saa yako, kile kifurushi chako cha msimbo wa kompyuta. Unajua programu yetu ya wauguzi wa majumbani imejengwa juu ya vifurushi vya watu wengine vilivyowekwa kwenye ghala la wazi, na chako ndicho kinachotuambia saa ya dawa. Miaka minne hatukukitilia shaka. Lakini Machi iliyopita, Jumapili ile ambayo nchi nzima husogeza saa mbele kwa saa moja, mambo yaliharibika. Kuna mzee anaitwa Odd-Arne, zamani alikuwa dereva wa lori la samaki, ana ugonjwa wa Parkinson. Kidonge chake ni cha saa mbili asubuhi, na kikichelewa mwili unakakamaa. Siku hiyo simu ya muuguzi ililia saa tatu. Torbjørg, muuguzi wake, alimkuta chini bafuni, nyonga imevunjika. Aliniambia, "Alikuwa macho, Synnøve. Ananiangalia tu, hata mdomo hauendi."

Tulidhani ni simu mbovu. Wiki iliyopita ndipo nilipogundua. Klokka inahesabu saa tangu katikati ya usiku, na haijui kwamba siku ile ina saa ishirini na tatu tu. Mwaka huu Jumapili hiyo ni tarehe 29 Machi. Tuna wagonjwa mia mbili na kumi na nne.

Tafadhali Mama, rekebisha mstari huo, uweke toleo jipya ghalani. Kwako ni kazi ya mchana mmoja.

Nisalimie Gunvor wa dukani.

Binti yako,
Synnøve


Bodø, 3 Februari

Mama,

Shikamoo, habari za huko? Nimesikia kwa Gunvor kuwa mko salama baada ya dhoruba na kwamba boti ya kasi haikutia gati siku mbili. Sisi wazima.

Wiki tatu hujanijibu. Nimekuandikia hata pale ghalani, kwenye ukurasa wa Klokka, chini ya yale malalamiko mengine ambayo nayo hujayajibu. Nimengoja mpaka nimechoka kungoja, kwa hiyo nimefanya ambalo sheria ya ghala inaruhusu: nimechukua nakala ya Klokka yako, nimeirekebisha mwenyewe, nimeiweka ghalani. Jina la Klokka halikukubali kutumiwa na mtu mwingine, ghala halipokei vifurushi viwili vya jina moja. Nimeiita klokka-bora.

Sasa nakuambia ukweli, nimejiingiza kwenye matatizo. Mwenzangu wa kazini, Henning, alipitia msimbo wetu wote, mafaili arobaini na moja, kila palipoandikwa klokka akaandika klokka-bora. Siku mbili, mgongo ukamkaza. Tukasherehekea kwa keki. Kisha tukaisogeza tarehe ya simu ya majaribio hadi 29 Machi, tukampa Torbjørg aishike.

Ikalia saa mbili. Tukapiga makofi. Saa tatu ikalia tena, kidonge kilekile, mgonjwa yuleyule.

Torbjørg akaniangalia. "Sasa nifanye nini? Nimpe kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Wewe unajua ni kimoja. Mgeni aliyeshika zamu ya Jumapili atajua?"

Kumbe kifurushi kingine tunachotumia, Vaktliste, kile cha kupanga zamu, nacho kinaiomba klokka kwa jina lake la zamani. Hakijui habari za nakala yangu. Ghala limetushushia zote mbili, yako na yangu, zinaishi ndani ya simu moja, kila moja na saa yake. Nimemwandikia Sjur wa Trondheim anayemiliki Vaktliste abadilishe jina. Limerudi jibu linalojituma lenyewe: yuko likizo ya kulea mtoto, atarudi Aprili.

Kwa hiyo nilikuwa na hatari moja, sasa ninazo mbili. Kama umeniudhikia, niudhikie, lakini nijibu.

Synnøve wako


Langvær, 5 Februari

Synnøve,

Mimi mzima. Paka mzima.

Bora? Jana nimeandikiwa na mtu wa Ujerumani nisiyemjua, ananiuliza kama ni kweli bintiye Gudveig Brattli amemwondoa mama yake kazini. Miaka kumi na moja nimekitunza kifurushi kile bila kumwomba mtu hata asante. Ungeweza kukiita jina lolote. Ukachagua bora.

Mama


Bodø, 6 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mkate, nikaondoka bila mkate.

Una haki ya kukasirika. Nililichagua kwa hasira, ile hasira ya Krismasi, na nilijua utaliona. Nilitaka uumie kidogo ili uniandikie. Umeniandikia, na sijisikii vizuri hata kidogo.

Nisamehe. Sifuti nakala kwa sababu ya mzee Odd-Arne, ila jina nitalibadilisha, wewe ndiye utakayenipa jina.

Mwanao,
Synnøve


Langvær, 17 Februari

Mwanangu Synnøve,

Marahaba. Natumaini hujambo na umekula mkate. Hapa samaki wa msimu wameingia. Jana nimekula chewa na ini lake na mayai yake kwa jirani mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Goti linaniruhusu kushuka hadi gatini, kurudi ndiyo kazi.

Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeiandika mara nne. Ya tano ndiyo hii, na sitaisoma tena kabla ya kuituma.

Barua yako ya Januari niliipata siku ileile. Niliposoma habari za yule mzee bafuni nilisikia baridi. Mstari ule niliuandika mimi, naukumbuka, niliuandika huku baba yako ananiita chakulani. Nikafungua kompyuta papo hapo. Ghala likaniuliza neno la siri, nikalitoa. Kisha likasema limetuma tarakimu sita kwenye simu yangu, niziandike. Simu yangu ikanyamaza. Ndipo nikakumbuka. Nilipojiandikisha sikuwa na simu ya mkononi. Niliandikisha namba ya Asbjørn.

Unaelewa sasa? Namba niliyoifunga Novemba kwa sababu matangazo ya kuuza madirisha yalikuwa yanampigia mtu aliyekufa, nami nikishindwa kuvumilia kuwaambia. Nikaifunga dakika tano, bila kufikiri. Wewe ukalia mezani kwa sababu yake. Halafu wiki chache baadaye mimi mwenyewe nimejifungia nje ya nyumba yangu kwa namba hiyohiyo, na watu mia mbili na kumi na nne wako ndani. Ningekuambiaje? Nilitaka kwanza nifungue mlango, kisha nikujibu kama vile hakuna lililotokea. Nimewaandikia watu wa ghala mara tatu. Wanataka nithibitishe namba ni yangu. Si yangu. Kampuni ya simu imeshampa mtu mwingine, nimeipiga, ni dada mmoja wa Alta, mpole sana, ila tarakimu za Januari alizifuta akidhani ni matapeli, na watu wa ghala hawatumi nyingine mpaka nithibitishe namba ni yangu.

Kwa hiyo ulifanya vyema kuchukua nakala. Inaniuma kukiri, lakini ndivyo.

Sasa sikiliza, nikufundishe, maana umeanzia mlango usio wake. Kwenye orodha ya mahitaji ya programu yenu kila mstari una pande mbili. Kushoto ni jina ambalo msimbo wenu unaliita. Kulia ni kitu gani kishushwe kutoka ghalani na toleo lipi. Nyinyi mmebadilisha kushoto, ndiyo maana Henning kavunjika mgongo. Rudisheni mafaili yote arobaini na moja yalivyokuwa. Acha kushoto pasomeke klokka, kama zamani. Kulia ndiko uandike nakala yako. Msimbo utaita klokka, na atakayekuja kuitikia ni nakala.

Hilo linatosha kwa msimbo wenu. Sjur naye anaagiza vitu vyake mwenyewe, orodha yenu haimhusu. Basi chini ya orodha hiyohiyo ongeza amri: kifurushi chochote kikiomba klokka, hata kikiwa ndani ya kifurushi kingine, kipewe nakala hii. Usimguse Sjur, mwache abadilishe nepi.

Kuhusu jina. Ghala linakubali jina la ukoo litangulie. Liite brattli/klokka. Kwa ghala hilo ni jina jipya, kwa watu ni lilelile. Na kwenye ukurasa wa kwanza andika nani aliandika mwanzo na nani anatunza sasa. Si kwa ajili yangu, ni ili yule Mjerumani aache kuniandikia.

Moja la mwisho. Nimeusoma msimbo wako. Machi umeiweka sawa. Oktoba, saa zinaporudi nyuma, umeiacha vilevile, na vidonge vitaitwa mapema kwa saa nzima. Tuna muda, lakini usilisahau.

Mama yako


Bodø, 23 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini goti linapanda kilima. Sisi wazima, theluji imetufika madirishani.

Sikujua. Nimekaa na barua yako jikoni, chai imepoa, nimeisoma tena. Nimewaza ulivyokuwa peke yako na kompyuta ile, Januari nzima, huku mimi nikikuandikia kama karani anayedai fomu. Wala sikujua habari za matangazo ya madirisha. Mama, wangenipigia mimi nikawajibu mimi. Sikukasirikii tena kwa namba ile.

Sasa kazi. Jina limebadilika, brattli/klokka iko ghalani. Henning aliposikia kwamba mafaili yote arobaini na moja yanarudi yalivyokuwa alifunika uso kwa mikono. "Mama yako angeandika wiki mbili mapema," akasema, "ningekuwa bado na mgongo." Lakini tumekwama tena. Nimeandika mstari wa juu kama ulivyosema, nimeandika na amri ya chini, na kompyuta imekataa kushusha chochote. Inasema amri inapingana na orodha. Zinapinganaje, zote mbili zinasema kitu kimoja? Juu nimeandika toleo la pili, chini nimeandika toleo la pili nukta sifuri nukta moja, ambalo ndilo hilohilo.

Henning anataka tunakili msimbo wako wote tuutie ndani ya programu yetu kwa mkono, tuachane na ghala. Nimemwambia angoje barua moja tu.

Mwanao,
Synnøve


Langvær, 23 Februari, jioni

Synnøve,

Marahaba, mzima.

Kwako ni hilohilo. Kwa kompyuta si hilohilo. Nakili mstari wa juu uubandike chini, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Kisha futa vifurushi vyote vilivyokwisha shushwa, pamoja na ile faili inayokumbuka matoleo ya zamani, na mshushe upya kila kitu. Kompyuta ina kichwa kigumu kama cha babu yako: kitu alichoambiwa kwanza ndicho anachokumbuka.

Na mwambie Henning asinakili chochote kwa mkono. Ukinakili kwa mkono, siku nikipata kosa jingine nitawaambiaje?

Mama


Bodø, Jumapili, 29 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo, paka hajambo? Mimi nimechoka uchovu mzuri, naandika nikiwa bado sijavua koti.

Majaribio ya mwezi mzima umeyasikia kila wiki, simu moja, klokka moja. Lakini majaribio ni majaribio. Leo asubuhi nikaenda mwenyewe na Torbjørg nyumbani kwa mzee Odd-Arne. Anatembea kwa fimbo sasa, nyonga imeunga. Alikuwa ametuwekea mkate na jibini ya kahawia, na kahawa nzito ya madereva.

Saa mbili kamili simu ikalia. Torbjørg akampa kidonge na maji, akaandika. Mzee akauliza, "Basi, mmemaliza?"

"Bado," nikasema. "Tunakaa mpaka saa tatu."

"Saa tatu kuna nini?"

"Tunataka kuhakikisha haitalia."

Akacheka mpaka jibini ikamtoka. "Mie miaka yote nimetembelewa na watu wanaotaka kuongea. Nyinyi ndio wa kwanza kuja kusikiliza kimya."

Tukakaa. Torbjørg aliiweka simu katikati ya meza, karibu na kopo la sukari, tukawa tunaitazama wote watatu. Mzee akatuhadithia jinsi alivyowahi kukwama na tani kumi na nane za chewa kwenye kivuko kibovu, na abiria wakaomba kuogelea kuliko kuvumilia harufu. Nilikuwa nacheka, macho yangu kwenye simu. Saa tatu kasoro dakika moja akaikatiza hadithi mwenyewe.

Saa tatu. Kimya. Saa tatu na dakika moja. Torbjørg akanishika mkono chini ya meza. Ikafika saa tatu na dakika tano, mzee akainuka, kwa miguu yake, akaenda kuchemsha kahawa nyingine. Mama, alitembea tu kutoka mezani hadi kwenye jiko. Hakujua kwamba ndilo tulilokuwa tunalisubiri.

Henning yuko ofisini tangu alfajiri. Vidonge vya asubuhi vyote vimeitwa kwa saa yake, kwa wagonjwa wote.

Tulipokuwa tunavaa viatu Torbjørg akaniuliza, "Huyu Brattli aliye kwenye ukurasa wa kwanza wa Klokka ni ndugu yako?"

"Ni mama yangu. Ndiye aliyeiandika. Na ndiye aliyetufundisha kuirekebisha."

"Nipe anwani yake," akasema. Nimempa. Natumaini hukasiriki.

Mwanao akupendaye,
Synnøve


Langvær, 2 Aprili

Mwanangu Synnøve,

Marahaba, na heri ya Pasaka. Natumaini barua hii inakukuta umepumzika. Mimi niko salama. Kisiwa kimejaa wageni wa likizo wanaoota jua ukutani kwa Gunvor na machungwa yao, na goti halijaniuma tangu Jumatatu.

Habari ya kwanza: Sjur amerudi kazini. Ameniandikia kwa adabu sana, mtoto ni wa kike, anaitwa Eldbjørg. Vaktliste yake kuanzia toleo lijalo itaiomba brattli/klokka yenyewe. Likitoka, ile amri ya chini mwaweza kuifuta.

Habari ya pili: Torbjørg ameniandikia. Nimeishi na kifurushi hiki miaka kumi na moja, na sijawahi kupata barua isiyoanza na neno haifanyi kazi. Nilifikia mahali nikawa nafungua ujumbe huku nimefumba jicho moja. Yeye ameandika mistari mitatu. Kwamba mzee alikula, alitembea, na kwamba asante. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, chapati za maziwa zikaungua. Sikujua kuna watu upande ule, Synnøve. Nilijua kuna watumiaji. Sikujua kuna watu wenye meza na kopo la sukari.

Umenipa ufunguo wa pili wa brattli/klokka, nimejiandikisha kwa namba yangu mwenyewe, nimeingia. Siku tatu hizi nimekaa na Oktoba. Naomba unisamehe nilivyokukosoa ulipoiacha, maana ni ngumu kuliko nilivyokumbuka. Siku ile kuna saa ya usiku inayopita mara mbili, na kidonge kikiangukia hapo lazima uamue ni cha mara ya kwanza au ya pili. Nimeamua. Nadhani nimeamua vizuri, lakini nilipokuwa na umri wako nilikuwa sidhani, nilikuwa najua.

Masahihisho yangu yako ghalani yanangoja, sijayatoa kwa watu. Yasome kwanza. Usiyapitie harakaharaka kwa kuwa ni ya mama yako, yasome kama ya mtu usiyemjua. Mstari wa sitini na mbili ndio unaonitia wasiwasi.

Ukiona nimekosea, niambie.

Mama